Kuondoka Barazani: Mwongozo wa Kuanza Mazoezi na Kudumu Nayo kwa Mtu Mzima wa Lamu

Mji wa Lamu ni mdogo kiasi kwamba mtu mzima anaweza kuishi humo mwaka mzima asitembee kwa dhati hata siku moja. Duka liko mtaa wa pili, msikiti uko kona ya karibu, soko liko Mkunguni mbele ya ngome, na siku hizi ukitaka kufika Wiyoni au hospitali, bodaboda ipo. Asubuhi mtu yuko kitini dukani au ofisini, adhuhuri anakula na kujinyoosha kidogo, alasiri yuko barazani, usiku yuko sebuleni na simu. Ukizihesabu saa za kukaa, huenda zikazidi saa za kulala. Huu si uvivu. Kazi zenyewe zimekuwa za kukaa, na mazungumzo yetu pia ni ya kukaa.

Mwongozo huu namwandikia mtu huyo, awe na miaka 35 au 65, ambaye ameshawahi kuanza mazoezi akaacha. Kuanza hakumshindi mtu. Kinachowashinda wengi ni wiki ya tatu, pale hamu imepoa, mwili bado haujaonyesha mabadiliko, na mvua imenyesha siku mbili mfululizo. Kwa hiyo nitazungumza zaidi juu ya kudumu kuliko juu ya aina za mazoezi. Kutembea kunatosha kabisa kwa kuanzia.

Kiasi kinachotakiwa

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au ya nguvu kwa dakika 75 hadi 150, na pamoja na hayo mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Waliovuka miaka 65 wanaongezewa mazoezi ya kuuweka mwili sawa usiyumbe, siku tatu au zaidi kwa wiki. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Zamani iliaminika kwamba kipande cha chini ya dakika kumi hakihesabiki. Miongozo hii imeliondoa sharti hilo. Dakika tano za kupanda ngazi zinahesabika.

Utasikia pia habari ya hatua 10,000 kwa siku. Idadi hiyo ilienea kutoka Japani, ambako mwaka 1965 kampuni moja iliuza kifaa cha kuhesabia hatua kilichoitwa "kipimo cha hatua elfu kumi". Lilikuwa jina la biashara. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, uliofuata wanawake wenye wastani wa miaka 72, ulikuta kwamba waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikufa kwa uchache kuliko waliotembea 2,700, na faida ikaendelea kupanda mpaka karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Nalitaja hili kwa sababu nimeona watu wakikata tamaa mbele ya ile elfu kumi, hali elfu mbili za kuongeza tu zingewafaa sana.

Na kama unajiuliza iwapo kukaa kuna madhara kweli, daktari Jeremy Morris aliwalinganisha madereva wa mabasi ya London na makondakta wao, akachapisha matokeo mwaka 1953. Watu wa kampuni moja, mji mmoja, basi moja. Tofauti ni kwamba dereva alikaa na kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa siku nzima. Makondakta waliugua moyo kwa uchache zaidi, na walipougua, haikuwa kwa ukali ule ule. Mwenye duka Langoni na mchukuzi anayemletea mizigo kutoka bandarini wanatofautiana vivyo hivyo.

Kabla ya hatua ya kwanza

Kutembea mwendo wa kawaida hakuhitaji ruhusa ya daktari kwa mtu mwenye afya. Lakini kama una presha, sukari, ugonjwa wa moyo, au umewahi kusikia kifua kikibana unapopanda ngazi, pima kwanza, iwe hospitali ya King Fahd au zahanati iliyo karibu nawe.

Mwenye sukari anayejidunga insulini au anayetumia vidonge vinavyoweza kuishusha sana sukari (glibenclamide ni mfano) atembee na tende mfukoni. Akitetemeka, akatoka jasho baridi au macho yakawa na kiwi, akae chini ale tende mara moja. Tena achunguze nyayo zake kila jioni, kwa kuwa ganzi ya miguu humfanya asisikie kipande cha tumbawe kilichomchoma, na jeraha dogo likawa kubwa. Asitembee pekupeku ufuoni hata kama wenzake wote wako pekupeku. Ndala nazo hazifai kwa mwendo wa kasi: vidole hukaza kuishika, na kisigino hakina kinga. Raba yoyote inayokubana vizuri inatosha, hata ya mtumba.

Kifua kikibana, pumzi ikikatika kupita kiasi, kizunguzungu kikija, au maumivu yakishuka mkono au taya, simama na utafute msaada. Usisubiri umalize mzunguko.

Hatua ya kwanza: funga zoezi na jambo usiloliacha

Hapa ndipo penye siri yote, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Mtu anayesema "nitafanya nikipata nafasi" hapati nafasi. Anayesema "nitafanya saa kumi na moja jioni" ana nafuu, lakini saa haimuiti. Yeye ndiye lazima aikumbuke. Kinachodumu ni zoezi lililofuatanishwa na jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kujiuliza. Kwa wengi wetu Lamu, jambo hilo ni swala. Na hapa tuna bahati ambayo watu wa mbali hawana: tuko karibu mno na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, kati ya kabla kidogo ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu. Nyakati za swala husogea nusu saa tu au zaidi kidogo. Anayeishi Ulaya hawezi kufunga matembezi yake na alfajiri, kwani huko huruka kwa saa nyingi baina ya kiangazi na baridi. Wewe unaweza.

Kinyume chake, usilifunge na maji. Wengi hupenda kutembea ufuoni wakati maji yamekupwa, mchanga umekaza na njia ya Shela iko wazi. Raha yake naijua. Lakini maji huchelewa kwa takribani dakika 50 kila siku. Leo yamekupwa wakati unaoupenda, wiki ijayo wakati huo huo yamejaa, na itabidi usubiri kama wiki mbili ndipo yarudi pale pale. Anayefuata maji atatembea siku nne, kisha atakosa siku kumi. Kwa hiyo saa ya mazoezi iwekwe na swala, na maji yaamue njia tu: yakiwa yamekupwa, pita ufuoni; yakijaa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, pita ndani, ufuate Usita wa Mui, njia kuu ya mji, uzunguke Langoni hadi Riyadha na kurudi Mkomani. Saa ni ile ile, miguu ndiyo hubadilisha mtaa.

Nani achague swala ipi? Mwenye duka achague alfajiri, kabla hajafungua, kwa sababu alasiri wateja hawampi ruhusa. Mfanyakazi wa ofisi anaweza alasiri, akitoka kazini asipite nyumbani kwanza; akishavua viatu ameshindwa. Mama mwenye watoto wa shule mara nyingi hupata utulivu baada ya kuwatoa asubuhi, na huo ndio msingi wake: mlango ukifungwa nyuma ya mtoto wa mwisho, zoezi linaanza.

Kama una sukari, kuna msingi mwingine mzuri, nao ni chakula. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walionyesha mwaka 2016 kwamba wenye kisukari cha aina ya pili waliotembea dakika kumi baada ya kila mlo mkuu walipata sukari ya chini baada ya kula kuliko walipotembea nusu saa kwa mkupuo wakati wowote. Faida ilikuwa kubwa zaidi baada ya mlo wa jioni, ambao kwetu huwa ndio wenye wali au mikate ya kutosha. Ukishanawa mikono, usirudi kwenye mkeka. Toka.

Hatua ya pili: sema sentensi moja, iandike

"Nitaanza mazoezi" haitoshi. Andika hivi: *Nikishatoa salamu ya alfajiri, nitavaa raba msikitini pale pale, nitembee pwani mpaka hospitali na kurudi.* Lini, wapi, njia gani. Katika jaribio lililofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2002, wanafunzi walioelezwa faida za mazoezi tu hawakuwazidi wale ambao hawakuelezwa lolote: asilimia 35 dhidi ya 38 walifanya zoezi walau mara moja wiki iliyofuata. Lakini waliopewa maelezo yale yale kisha wakaandika siku, saa na mahali, asilimia 91 walifanya. Kwa hiyo mhubiri wa afya aliye nyumbani kwako, mume au mke au mtoto aliyesoma, aache kukuhubiria. Akuulize tu: kesho saa ngapi, na utapita wapi?

Andaa vitu usiku. Raba ziwe mlangoni, chupa ya maji ijazwe. Wanaume wanaotoka na kikoi wabebe suruali, maana kikoi hakiruhusu mwendo mpana.

Hatua ya tatu: anza na kidogo kinachokutia aibu kukataa

Wiki mbili za kwanza ni dakika kumi, siku tano. Usizidishe hata ukijisikia una nguvu. Unachojenga sasa ni utaratibu wa kutoka, moyo na mapafu zamu yake itafika. Kisha ongeza dakika tano kila wiki mbili: kumi na tano, ishirini, ishirini na tano, na mwezi wa tatu uko kwenye nusu saa, yaani zile 150 za wiki.

Kasi ipime kwa mdomo. Ukiwa katika mwendo wa wastani unaweza kujibu salamu na kuuliza hali ya watoto, lakini kasida huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kujibu salamu, punguza.

Na salamu zenyewe ni jambo la kupangiwa, kwa sababu mjini petu mtu hapiti kimya. Kila kona kuna anayekuita ukae kidogo, na ukikaa kidogo matembezi yamekwisha. Jibu salamu ukiendelea kutembea, na umwambie mzee, "Nitakupitia nikirudi, babu." Kisha ukirudi mpitie kweli. Baada ya wiki mbili baraza zote zitajua huo ni wakati wako, na watakaokuzuia mwanzo ndio watakaokuuliza siku usipoonekana.

Hatua ya nne: mwenzako

Tafuta mtu mmoja, si kundi la watu kumi. Kundi hungoja wa mwisho, na wa mwisho yumo kila siku. Awe wa mwendo wako na mtaa wako, na mkubaliane kwamba asiyefika kwa wakati huachwa bila ya lawama. Shemeji, jirani, mtu mliyesoma chuo kimoja, wote wanafaa.

Kwa mama ambaye hapendi kupita pwani, au ambaye nyumbani hawajamzoea kutoka peke yake, wawili ni ruhusa kuliko mmoja. Baada ya alfajiri mitaa ni mitulivu, baibui jepesi na raba chini yake havimzuii. Asiyeweza kutoka ana nyumba. Nyumba zetu za zamani zina ngazi kali na dari pana juu, na dakika kumi za kupanda na kushuka ngazi ni kazi kubwa kuliko dakika kumi za kutembea barabarani. Ashike ukuta, kwa sababu vidato havilingani urefu, na mwenye magoti mabovu ajihadhari zaidi katika kushuka kuliko kupanda.

Hatua ya tano: misuli

Hili huachwa na wengi, nami naliona ni kosa kubwa kwa waliovuka miaka 50. Mzee anayeshindwa kuinuka kitini bila kushikwa mkono mara nyingi amepungukiwa na nguvu za mapaja, na nguvu hizo hurudi zikifanyiwa kazi, hata katika umri mkubwa.

Anza na kuinuka barazani. Kaa ukingoni mwa baraza au kiti kigumu kisichoteleza, si kochi. Nyayo zote chini, upana wa mabega, visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Kunja mikono kifuani. Inama mbele kutoka kiunoni, mgongo umenyooka, mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu; hapo mapaja yatashika kazi yenyewe. Inuka ukitoa pumzi, simama wima kabisa, kisha shuka polepole ukihesabu moja, mbili, tatu. Usijiachie ukaanguka kwenye kiti, maana kule kushuka polepole ndiko kunakojenga. Magoti yaelekee vidole vya miguu, yasiangukie ndani. Fanya mara nane, pumzika dakika moja, rudia. Ikiwa baraza ni ya chini sana, weka mto mgumu. Ikizoeleka, kumbatia dumu la maji la lita tano kifuani, ambalo ni kilo tano bila kununua chochote.

Ongeza kusukuma ukuta: simama hatua moja kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua, kunja viwiko mpaka pua ikaribie, sukuma urudi, mara nane mara mbili. Malizia kwa kubeba madumu mawili yanayolingana, ukitembea uani mgongo wima. Robo saa inatosha, siku mbili zisizofuatana. Jumatatu na Alhamisi hukumbukika kwa urahisi, na anayefunga siku hizo achague nyingine.

Siku ya pili misuli itauma, na huenda ya tatu ikauma zaidi. Hayo ni ya kawaida na hupita. Maumivu makali ndani ya kiungo, au goti linalovimba, si ya kawaida. Pumzisha.

Siku zilizokatika

Utakosa, hilo liwekwe wazi tangu leo. Kutakuwa na harusi ya siku nyingi, matanga, safari ya Mombasa ya basi kutwa nzima, mafua, na mvua za masika zinazogeuza mitaa kuwa mifereji na mavi ya punda kuwa utelezi. Wengi huacha mazoezi kwa sababu walikosa mara mbili wakajihukumu kwamba wameshashindwa.

Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata watu 96 waliokuwa wakijenga zoea jipya. Kwa wastani jambo lilichukua siku 66 kuwa la kujifanyia lenyewe, lakini tofauti ilikuwa kubwa, kutoka siku 18 hadi 254, na mazoezi yalichukua muda mrefu kuliko kunywa maji. Walioruka siku moja hawakuharibikiwa. Kwa hiyo anayekuahidi mazoea kwa siku 21 hakuambii kweli, na anayekulaumu kwa siku moja hana haja ya kusikilizwa.

Kanuni ya kurudi ni hii. Ukikosa siku moja mpaka tatu, endelea ulipoishia. Ukikosa wiki moja au mbili, rudi na nusu ya muda kwa siku tatu, kisha panda. Ukikosa mwezi, anza na dakika kumi. Siku ya mvua, toka kwa dakika tano ukumbini au panda ngazi, ili ile saa isipotee. Ndani ya basi la Mombasa, kila linaposimama shuka utembee.

Weka kalenda ukutani na utie alama siku uliyofanya. Mizani iache mpaka mwezi wa tatu: mazoezi bila kubadilisha chakula hupunguza uzito polepole sana, na aliyeyaanza kwa ajili ya uzito tu huvunjika moyo mapema. Angalia usingizi, pumzi kwenye ngazi, na presha ukiipima kila baada ya wiki kadhaa. Dawa usiziache wala usizipunguze mwenyewe kwa kuwa namba zimekaa vizuri. Hilo ni la daktari.

Ramadhani

Mwezi huu huvunja mazoezi ya watu wengi kuliko kitu kingine chochote, nao unakuja kila mwaka, kwa hiyo upangiwe tangu Shaaban, mwezi unaoutangulia. Usijaribu kuongeza. Lengo ni kushikilia. Una nafasi mbili nzuri: dakika kumi na tano hadi ishirini za mwendo mpole karibu na magharibi, ambapo maji na tende haviko mbali, au matembezi baada ya tarawehe, wakati mji uko macho na hewa imepoa. Mazoezi ya misuli yafanywe usiku, angalau saa moja baada ya kufuturu, na yapunguzwe yawe duru moja badala ya mbili. Maji yanywewe kidogo kidogo kutoka futari mpaka daku, si glasi tatu kwa pamoja. Mwenye sukari anayetaka kufunga azungumze na daktari wake wiki kadhaa kabla, na asitembee mchana akiwa amefunga mpaka apate jibu lake.

Idi ikipita, toka siku ya pili yake, baada ya swala ile ile uliyoizoea kabla ya mwezi. Iwe dakika kumi na tano, hata kama miguu inataka nusu saa. Wanaofunga siku sita za Shawwal wabaki na mwendo wa jioni mpaka wazimalize, kisha warudi alfajiri. Kufikia katikati ya Shawwal uwe umerudia dakika ulizokuwa nazo Shaaban.